Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia jinsia, Lamu: kabla hujatia saini

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Tumesikia wageni wa ubalozi wako njiani tena na mradi mwingine wa kuwainua wanawake wa visiwani. Wakaribie. Ila mimi, katibu wa kikundi cha mama karanga, yaani sisi wanawake tunaokaanga na kuuza samaki hapa Faza, nina neno kabla hujatia saini.

Pesa hizi ni siasa ya nje ya wenyewe. Si siri, wala sioni dhambi. Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha Seneta Charles Percy kilichotaka misaada ya nchi hiyo iwajumuishe wanawake, na nchi nyingine nazo zikaona kwamba mwanamke ni mlango mzuri wa kupitia. Mwaka 2015 Rais wa China, Xi Jinping, aliahidi UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, dola milioni 10. Sweden ilitangaza mwaka 2014 kwamba sera yake ya nje ni ya kifeministi. Oktoba 2022 serikali mpya ikaingia na kuifuta.

Na wanavyogeuka! Kuna kanuni ya Mexico City ya mwaka 1984, inayoyanyima pesa za Marekani mashirika ya kigeni yanayojihusisha na utoaji mimba. Reagan aliiweka, Clinton akaiondoa, Bush akairudisha, Obama akaiondoa, Trump akairudisha, Biden akaiondoa, Trump akairudisha tena mwaka 2025. Mwaka huohuo USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Nchi hiyo ilitia saini mkataba wa CEDAW wa haki za wanawake mwaka 1980, na Seneti yao haijauridhia hadi leo. Kenya tuliuridhia mwaka 1984, mwaka mmoja kabla Nairobi haijapokea mkutano wa dunia wa wanawake. Kwa hiyo somo la haki tusisomeshwe kama watoto wa madrasa.

Sisi wa Lamu tuna letu la ziada. Tangu shambulio la kigaidi la Mpeketoni la 2014, mama akiomba barafu ya samaki anapewa semina ya kumtambua kijana aliyeingiwa na itikadi kali. Mwanangu namjua bila semina. Barafu ndiyo sina.

Acha nikusimulie friza yetu. Ililetwa na wafadhili fulani, ya sola, ina bendera ubavuni. Siku ya kuipokea tulivaa leso za sare, na kwa kuwa boti zilikuwa bado baharini, tuliazima samaki, tasi, kwa jirani ili picha isitoke na friza tupu. Tukajaza fomu ya mahudhurio, tukapewa nauli na soda. Betri ilipokufa, mradi ulikuwa umeshafungwa. Fundi hayupo, na hati ya kuonyesha kwamba friza ni yetu haikuandikwa kamwe, basi kuiuza hatuwezi, na kuitengeneza kwa fedha za mchezo, zile tunazochangiana kwa zamu, kina mama wamekataa. Saa hizi tunahifadhia unga. Panya hawauingii, hilo nakiri.

Sikuambii ukatae msaada. Nakuambia una cha kupatania. Hao hawaji Lamu kwa ajili ya tasi wetu: kuna bandari mpya iliyoanza kupokea meli mwaka 2021, kuna wanajeshi wa Marekani Manda Bay, kuna mpaka wa Somalia. Wanatuhitaji, na anayehitajika hupanga bei.

Basi waambie hivi. Mkataba uandikwe Kiswahili na ubandikwe ofisi ya BMU, kamati yetu ya kusimamia ufuo, kabla ya saini, tuusome. Kila chombo kiwe mali ya kikundi kwa hati siku kinaposhushwa jetini, isingoje mradi uishe. Wafundishwe ufundi mabinti wawili wa hapahapa, na pesa ya vipuri ikae akaunti ya kikundi. Kuwe na kifungu kinachosema nini kitatokea serikali yao ikibadilika katikati ya safari. Na kaunti iweke fungu lake kwenye bajeti, hata liwe dogo, kwa sababu uchaguzi wa Washington au Stockholm sisi hatupigi kura.

Picha tutapiga, hilo halina shida. Tupige mwaka wa pili, mtambo ukiwa bado unafanya kazi.

Kikao cha kujadili haya ukikiita, tafadhali kisiwe asubuhi. Boti zinaingia na sisi tuko ufuoni.

Wako,
Katibu, kikundi cha mama karanga
Faza, Lamu