Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Mtoto wa darasa la tano asome nini?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima naomba kuleta mbele yako jambo ambalo limo ndani ya uwezo wa ofisi yako na wa halmashauri 6 za mkoa wetu, nalo ni kwamba mtoto wa Lindi, akishajua kusoma, hana kitabu cha kusoma. Kitabu cha kiada anacho, walau cha kuchangia na wenzake. Anachokosa ni kitabu cha hadithi kilichoandikwa kwa ajili yake, chenye sura kadhaa na kurasa zinazokaribia mia, ambacho mtoto wa miaka 9 hadi 12 atakishika kwa hiari yake na asikiweke chini mpaka ajue mambo yaliishaje. Mimi ni mwandishi na mhariri wa vitabu vya watoto, naishi Lindi mjini, na ninayokueleza ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Madarasa ya chini yamesaidiwa, na ni haki kulisema hilo. Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) uanze kutumika mwaka 2015, nguvu nyingi zimeelekezwa darasa la kwanza na la pili. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Serikali ya Uingereza, na majirani zetu wa Mtwara na Ruvuma wakapata Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani. Kazi kubwa ya miradi hiyo ilikuwa kumfikisha mtoto mahali pa kujua kusoma. Upande wa pili, kijana akifika sekondari, hukuta riwaya, tamthiliya na diwani zilizoteuliwa kwa ajili ya somo la Kiswahili. Katikati ya ngazi hizo mbili ipo miaka mitano, kuanzia darasa la tatu hadi la saba, na hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto anajenga mazoea ya kusoma au anayapoteza.

Watu wengi hudhani kwamba pengo hili linatokana na uhaba wa waandishi. Sivyo. Miswada ipo, na naiona. Tatizo liko kwenye hesabu za uchapishaji, na naomba unisikilize kidogo hapa, kwa sababu ndipo ombi langu linapotokea. Kitabu cha anayeanza kusoma kina kurasa 16 au 24 na hubanwa kwa pini mbili katikati. Kitabu cha darasa la tano kinahitaji kurasa 96 au hata 128, hufungwa kwa gundi mgongoni, huhaririwa sura kwa sura, na huhitaji mchoraji atakayebaki na wahusika walewale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gharama za kukihariri, kukisanifu na kuandaa sahani za kuchapia hazibadiliki, uchape nakala 500 au nakala 5,000. Ukichapa chache, mzigo wote unaangukia kila nakala, bei inapanda, na mzazi ambaye bado anahangaika na sare na madaftari hawezi kukinunua. Ukichapa nyingi bila mnunuzi, zinaoza ghalani. Mchapishaji mwenye akili timamu, akiona hivyo, anarudi kwenye kitabu chembamba chenye picha, ambacho walau kuna mfadhili wa kukinunua.

Zamani hasara ya vitabu vya hadithi ilifidiwa na mauzo ya vitabu vya kiada. Mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikitoa ithibati ya vitabu, EMAC, ilivunjwa, na uandishi wa vitabu vya kiada ukarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sina nia ya kuujadili uamuzi huo hapa. Ninachosema ni kwamba wachapishaji walipoteza mapato yaliyokuwa yakibeba vitabu vya aina hii, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Njia ya kutoka imekwisha kujaribiwa hapa hapa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulikuwa ukichagua muswada mzuri, ukimwahidi mchapishaji kununua sehemu kubwa ya nakala, kisha ukizipeleka shuleni, naye mchapishaji akabaki na nakala za kuuza mwenyewe. Ahadi ile ya kununua, iliyotolewa kabla mashine haijawashwa, ndiyo iliyozaa vitabu. Serikali nayo imeonyesha nia njema kupitia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na katika awamu iliyofuata ikaongeza hadithi za watoto. Ni hatua ninayoishukuru kwa dhati. Lakini tuzo humwinua mwandishi mmoja mmoja, na shule ya msingi kule Liwale inahitaji vitabu vipya kila mwaka.

Februari mwaka huohuo wa 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa kukiuka maadili, na vingine kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa umri huu ninaouzungumzia. Wengi tuliunga mkono uamuzi ule. Ila mtoto aliyenyang'anywa kitabu alichokipenda anastahili kupewa kingine atakachokipenda vilevile, na hapo bado tunadaiwa.

Tena mkoa huu una hadithi za kutosha maktaba nzima. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru, mamia ya watu wa huku kwetu walichimba mifupa ya dinosaria chini ya wataalamu wa Kijerumani. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa, na leo kiunzi kizima kilichoundwa kwa mifupa ile, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kimesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Fikiria mhusika wa miaka 11 aliyemfuata baba yake kwenye msafara ule: usiku wa porini, uzito wa mzigo, maswali kuhusu mnyama ambaye hakuna mzee yeyote kijijini aliyewahi kumsimulia. Hadithi hiyo haitoshi kwenye kurasa 24. Inataka nafasi, inataka utafiti, na inataka mwandishi anayemheshimu mtoto kiasi cha kumwacha mhusika atatue shida zake mwenyewe, badala ya kumleta mwalimu au babu katika sura ya mwisho aje kutoa mawaidha. (Hilo la mawaidha ndilo ninalolifuta mara nyingi kuliko yote katika miswada ninayoihariri, na waandishi wetu wakipata nafasi ya kuandika zaidi wataliacha.)

Mheshimiwa, ombi langu ni kwamba uzielekeze halmashauri za Kilwa, Liwale, Mtama, Nachingwea, Ruangwa na Manispaa ya Lindi zitenge kwa pamoja, katika mapato yao ya ndani, fungu la kununua vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya darasa la tatu hadi la saba, na zitangaze oda hiyo mapema, kabla vitabu havijachapwa. Nakala 10 za kila kitabu kwa kila shule ya msingi ya mkoa ni oda ya maelfu, nayo inatosha kabisa kumpa mchapishaji ujasiri. Sipendekezi fedha hizo zitoke kwenye ruzuku ya uendeshaji wa shule, kwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka zina kazi nyingi tayari. Napendekeza sehemu ndogo ya ushuru wa mazao, ule wa asilimia 3 unaokusanywa kwenye korosho na ufuta, maana wazazi wa watoto hawa ndio wanaoyalima.

Uteuzi uwe wazi. Muswada usomwe na walimu, na kabla ya kuamuliwa usomwe pia na watoto wenyewe katika shule chache za mjini na za vijijini, kisha kitabu kipate ithibati ya Kamishna wa Elimu kama taratibu zinavyotaka. Mwandishi alipwe kwa mkataba wa maandishi. Na vitabu vikishafika, Afisa Elimu wa Mkoa atoe maelekezo visifungiwe kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu kwa hofu ya kuchakaa, bali watoto waviazime na kwenda navyo nyumbani. Agizo hilo halina gharama yoyote, na linaweza kutolewa wiki hii kwa vitabu vichache vilivyopo sasa.

Niko tayari kufika ofisini kwako pamoja na waandishi wenzangu, tukiwa na miswada mkononi, siku yoyote utakayotupangia.

Naomba kuwasilisha.

Mwandishi na mhariri wa vitabu vya watoto,
Lindi