Risala ya Wanafunzi wa Mafunzo ya Likizo ya Kuunda Programu kwa Timu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wanachama wa vikoba mliotupokea, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungia mafunzo haya ya wiki 8. Kabla hujapita kwenye meza za timu, tunaomba tukueleze kazi hii ya kuunda programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba inavyofanyika, ili ujue pa kutubana kwa maswali.

Wanafunzi kuandika programu wakati wa likizo si jambo jipya duniani. Google walianzisha Summer of Code mwaka 2005, na huko kila mshiriki hupewa kazi yake na mlezi wake. Sisi tunafanya kwa timu, kwa sababu darasani kila mtu huandika programu yake peke yake, kisha akifika kazini anakuta msimbo ulioandikwa na watu wengi. Timu moja ina watu 5. Watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Wakiwa 10, jozi zinafika 45 na siku inaishia vikaoni.

Wiki ya 1 hakuna anayegusa msimbo. Timu hukaa kwenye kikao cha kikoba, humwangalia mhazini akipokea hisa, mfuko wa jamii na marejesho, na kunakili vichwa vya safu za daftari lake kama vilivyo. Zinafuata duru 3 za kuandika programu, za wiki mbili mbili. Mwisho wa kila duru mhazini mwenyewe hushika simu na kuingiza mapato ya kikao, sisi tumenyamaza. Akikwama, skrini ndiyo yenye kosa, si yeye. Wiki ya 8 ni ya makabidhiano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye kuandika. Uko kwenye kuunganisha. Chukua mfano huu. Mmoja anabadilisha jina la safu kwenye kanzidata (ghala la taarifa za programu), kutoka "rejesho" kuwa "marejesho", na anarekebisha kila faili analoliona. Siku hiyo hiyo mwenzake anaandika ripoti mpya inayosoma "rejesho". Kila mmoja kwenye kompyuta yake mambo ni shwari. Git, programu inayotunza na kuunganisha msimbo wa timu, inaunganisha kazi zao bila kulalamika, maana hawakugusa mistari ile ile, na yenyewe hulinganisha mistari, haijui maana. Ripoti inakufa mbele ya mhazini. Kwa hiyo tawi, yaani nakala ya msimbo ambayo mtu anaifanyia kazi pembeni kabla ya kuunganisha, haliishi zaidi ya siku 2, badiliko halizidi mistari 200 ili mwenzako alisome kweli badala ya kulipitisha tu, na kila linapounganishwa majaribio yote ya kupima programu hujiendesha yenyewe. Timu inayosubiri wiki nzima ndipo iunganishe hupoteza wiki nyingine kutafuta nani alivunja nini.

Fedha nazo zina masharti yake. Shilingi huhifadhiwa kama namba kamili, kwa kuwa namba za desimali za kompyuta hukosea kidogo kidogo na jumla ikagoma kulingana na sanduku. Namba ya simu huhifadhiwa kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Tena isitumike kama utambulisho wa mwanachama: watu hubadili laini, na wapo mume na mke wanaotumia simu moja.

Kubwa zaidi ni mtandao. Mhazini anabonyeza "hifadhi", seva inapokea, lakini jibu linapotea njiani. Anabonyeza tena, na rejesho la 20,000 linakuwa 40,000. Dawa yake ni simu kuupa kila muamala namba ya pekee kabla ya kuutuma. Seva ikiiona namba hiyo mara ya pili, inajibu "imepokelewa" bila kuandika upya. Na kosa likishaingia halifutwi, linasahihishwa kwa muamala wa kinyume, kama ilivyo kwenye daftari la wino.

Nywila ya seva ikiingia kwenye Git hata mara moja, kuifuta kwenye faili hakusaidii, historia inaitunza. Inabadilishwa siku hiyo hiyo. Na majina utakayoyaona leo mezani ni ya kubuni, kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tuna maombi matatu. La kwanza ni seva ya kudumu, pamoja na mtu wa chuo mwenye jukumu la kuitunza. Likizo ikiisha tunarudi darasani. Asipokuwepo wa kulipia seva na kurekebisha hitilafu, mhazini anarudi kwenye daftari, na ana haki. La pili ni wahandisi wazoefu wa kusoma msimbo wetu, saa 2 kwa wiki kwa kila timu. La tatu ni betri ya akiba kwa ajili ya kipanga njia (router) cha maabara. Umeme ukikatika kompyuta mpakato zinaendelea kuwaka, ila mtandao unazima, na wasioweza kununua bando hawapakii kazi zao. Kesho yake matawi yanakuwa yameachana mbali.

Tunaomba kuwasilisha.