Barua kwa mwanangu kuhusu miguu ya watu

Uyole, Mbeya
Julai

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani, ambako baridi ya mwezi huu imetufanya sisi tuliovuka miaka hamsini tutembee kwa tahadhari kama watu waliobeba mayai mfukoni. Ujumbe wako niliusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimevaa miwani, nikaona kwamba si jambo la kujibiwa kwa simu ambayo salio hukatika tukiwa katikati ya maneno. Unasema kwamba kwa kuwa umekosa nafasi ya udaktari kwa awamu mbili mfululizo, umegundua kuna masomo yanayoitwa podiatria, yaani utabibu wa miguu. Kwamba Marekani masomo hayo huchukua miaka 4 tu, na mtu hutoka akiitwa daktari. Na kwamba ushindani wake si mkali kama ule uliokushinda. Umeniomba baraka na fedha ya maombi. Kabla ya hayo mawili, naomba tuiweke sawa hesabu yako.

Miaka hiyo 4 ni ya kweli, lakini huanza kuhesabiwa baada ya miaka mingine ambayo wewe hukuihesabu. Vyuo vya podiatria vya Marekani havimchukui mtu aliyetoka kidato cha sita. Vinamtaka awe amekwisha kusoma chuo kikuu, na wengi mno wanaoingia huwa na shahada ya kwanza ya sayansi mkononi, ambayo kule ni miaka 4, tena wamefanya mtihani wa MCAT, uleule wanaoufanya waombaji wa udaktari. Ndipo ifuate hiyo miaka 4, ambayo ile ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia, dawa na magonjwa, karibu sawa na wanavyosoma madaktari wengine, na ile ya mwisho ni ya kliniki na wodini. Baada ya shahada yenyewe, inayoitwa DPM, kuna miaka 3 ya mafunzo hospitalini ambamo mtu hufundishwa upasuaji wa wayo na kifundo cha mguu. Jumlisha 4, 4 na 3. Ukianza mwaka huu, utamaliza ukiwa na miaka zaidi ya thelathini. Na mikopo ya serikali yao haitolewi kwa mwanafunzi mgeni, ilhali ada ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Hata tukiuza shamba la Umalila pamoja na viazi vilivyomo ardhini, tutakufikisha uwanja wa ndege na kukurudisha.

Kwa hiyo maneno "njia ya mkato" uyafute katika ujumbe wako. Wanaosoma kule hawakuchukua njia ya mkato. Wamechagua kiungo kimoja na kuacha vingine vyote. Mwenye DPM huruhusiwa kukata, kuunga na kushona mguu, lakini hawezi baadaye kubadili mawazo akawa daktari wa moyo au wa watoto. Mlango huo hufungwa siku anapojiandikisha.

Sikuketi kuandika ili nikukatishe tamaa, maana kuna sehemu ya habari hii ambayo hukuiona kwa sababu ulikuwa unalitazama neno "daktari" peke yake. Uingereza kazi hiyohiyo husomewa kama shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 3, na mhitimu hawezi kujiita mtaalamu wa podiatria mpaka asajiliwe na baraza lao la HCPC, kwa kuwa jina hilo limelindwa na sheria. Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Johannesburg hufundisha podiatria kwa miaka 4 kwa watu waliotoka sekondari, na wahitimu husajiliwa na baraza la HPCSA la Afrika Kusini. Hao hawaitwi madaktari kama wenzao wa Marekani. Hutibu sugu, vidonda, kucha zilizozama kwenye nyama, miguu yenye ganzi na mwendo uliopotoka, hupima na kutengeneza soli za ndani ya viatu, na hufanya upasuaji mdogo kwa sindano ya ganzi. Kama neno "Dk." mbele ya jina lako ndilo unalolitafuta, Johannesburg halipo. Kama unaitafuta kazi yenyewe, ipo.

Baba yako aliposikia alicheka, akauliza ni mtu gani asome miaka yote hiyo kwa ajili ya kucha. Nilimwambia kwamba kila mguu, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26, na kwamba miguu miwili inabeba 52 kati ya mifupa 206 ya mwili mzima, karibu robo. Alinyamaza kidogo, kisha akavua kandambili akautazama mguu wake kama mtu anayesoma risiti.

Sasa nikueleze jambo ambalo katika nyumba hii hatujalisema vizuri hata siku moja, nalo ni mguu wa babu yako wa Tukuyu. Ninyi watoto mliambiwa kwamba alichomwa na mwiba kwenye migomba, na wengine wa ukoo walisema mengine ambayo sitayaandika. Haukuwa mwiba. Babu yako alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi bila yeye kulijua hilo, kwa sababu ganzi ya namna hiyo haiji kwa kishindo. Mtu huanza kuhisi kama amevaa soksi wakati hajavaa, kisha hata hilo hulizoea. Jioni moja ya Julai kama hii, mvua ya Tukuyu ikiwa haijakatika tangu asubuhi, alikaa jikoni karibu na jiko la mkaa, miguu ameinyoosha kuelekea kwenye moto, akitusimulia habari za zamani alipofanya kazi kwenye mashamba ya chai. Bibi yako alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akageuza ndizi zilizokuwa juu ya makaa. Harufu haikuisha. Akazigeuza tena. Mimi ndiye niliyetazama chini nikaona kisigino chake kimegusa bati la jiko, na ngozi imekwisha kubadilika rangi, na mwenye mguu anaendelea na hadithi. Tulipomvuta alicheka, akasema, "Mbona mnahangaika, mimi sisikii kitu."

Nilikuwa muuguzi wa mwaka wa pili kazini. Nilisafisha kidonda, nikakifunga kwa bandeji safi, nikahakikisha anameza dawa zake, na kila nilipopata ruhusa nilipanda gari kwenda kukibadilisha. Jambo moja sikulifanya, kwa kuwa sikulijua: sikumwambia asikikanyage. Alikikanyaga kila siku, kwenda shambani, kwenda kanisani, kwenda kwa majirani, kwa kuwa hakikumuuma. Baada ya miezi saba alikatwa chini ya goti.

Yule mzee hakupungukiwa na daktari bingwa wala dawa ya gharama. Alipungukiwa na mtu wa kumvua viatu kabla ya jiko, akamfumbisha macho, akamgusa unyayoni kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na kumwuliza kila mara, "Hapa unasikia?" Mtu huyo angeweka vidole viwili juu ya wayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo ya damu. Angekwangua sugu, kwa sababu sugu juu ya mguu wenye ganzi ni kama kokoto ndani ya kiatu, na chini yake nyama huchubuka na kuoza kimyakimya. Na kidonda kikiwa kimeshatokea, angekiondolea uzito, hata kwa kuufunga mguu hogo maalumu linalosambaza mgandamizo, ili mgonjwa akitembea kidonda kisibebe mwili. Maarifa hayo yana asili ambayo huenda ikakushangaza: mengi yalitokana na ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji Mwingereza aliyefanya kazi Vellore, India, alionyesha kwamba nyama ya mwenye ukoma haiozi yenyewe kama watu walivyoamini, bali ganzi humfanya ajiumize mara kwa mara bila kujua. Na waliomfuata waliyapeleka mafunzo hayo kwenye miguu ya wenye kisukari. Nilisoma habari hiyo babu yako akiwa amekwisha kuzikwa.

Tangu wakati ule nimewatazama wagonjwa kwa jicho jingine. Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Usangu alikuja kupimwa sukari tu, nikamwomba avue buti la mpira, akakataa kwa aibu ya harufu, nikambembeleza. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia unyayoni, na alikuwa ametembea nao, kwa maelezo yake mwenyewe, siku mbili. Aliponiona nimeushika kwa koleo alitazama huku na huku kama anayemtafuta mwenye mguu. Huyo hakukatwa.

Hii ndiyo sababu ya mimi kutokuambia moja kwa moja "nenda" au "acha". Umeandika kurasa mbili za ujumbe kuhusu podiatria na neno "mguu" halikutokea hata mara moja. Uliandika udaktari, ushindani, Marekani, miaka, jina. Mtu anayeingia kwenye kazi hii akiwa analilia nyingine atamchukia kila bibi mwenye magaga atakayeketi mbele yake, na bibi huyo atalijua hilo kabla hajavua kiatu cha pili.

Yapo pia mambo ya huku nyumbani ambayo sitaki uyakute kama mshangao. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye shahada ya podiatria. Miguu tunaigawana, kidogo muuguzi, kidogo daktari wa upasuaji, kidogo fundi wa viungo bandia. Kabla hujatuma maombi popote, waandikie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ambao ndio wanaotathmini shahada za nje, na uwaulize wahusika wa ajira za afya utaingizwa katika kada gani ukirudi. Jibu ulipate kwa maandishi. Sisemi kwamba hapa nchini kazi ya miguu haithaminiwi: pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas ameishughulikia miguu ya wenye kisukari kwa miaka mingi, na katika miaka ya 2000 mpango ulioitwa Step by Step uliwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani namna ya kuikagua na kuitunza. Ila kada kamili ni jambo jingine, na anayetangulia kwenye njia isiyo na watu ndiye anayepigwa na umande.

Tena ipo njia ambayo hukuitaja kabisa. Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na wanafunzi huja kutoka nchi nyingine za Afrika kusoma hapo, wakati sisi watoto wetu wanatazama ng'ambo. Si podiatria. Lakini ni mguu, ni shahada, na mtu huenda kwa basi.

Ukiona bado moyo wako uko Johannesburg, basi fanya kazi ya maombi mwenyewe. Usimlipe wakala. Unakumbuka kaka yako alivyoombewa chuo na ofisi moja ya mjini: tulitoa laki nne, tukaambiwa kila wiki kwamba barua iko njiani, mpaka siku tulipokuta ofisi imekuwa saluni. Mwaka wa masomo wa Afrika Kusini huanza mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo maombi hufungwa mwaka unaotangulia. Tazama tarehe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na waulize kama vyeti vyako vya NECTA, baraza letu la mitihani, vitahitaji kuthibitishwa kwanza na USAf, chombo cha vyuo vikuu vyao. Ukitaka Uingereza, maombi hupitia UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vyao, na ada ni ya mgeni.

Wakikutaka uandike kwa nini unataka podiatria, usiandike kwamba tangu utotoni ulitamani kuwa daktari. Watauliza, na wana haki ya kuuliza, mbona basi huombi udaktari. Nakuruhusu kuandika habari za babu yako, pamoja na sehemu ile inayonihusu mimi, bila kuipunguza.

Baraka zangu unazo kwa lolote utakaloamua baada ya Agosti, si kabla. Nimezungumza na dada mkuu wa kliniki ya kisukari ninakojitolea siku za Jumanne tangu nistaafu, naye amekubali uje kukaa nasi kwa Jumanne nne, kuvua viatu vya wagonjwa, kuosha miguu na kuandika kwenye daftari yale nitakayokutajia. Hutashika kisu wala sindano. Nauli ya basi nitaituma kwa simu ya shangazi yako Ijumaa, na fedha ya maombi nimeiweka pembeni, haitaguswa hata mbolea ikipanda bei.

Uje na sweta. Uje pia na viatu vinavyofunika vidole, kwa sababu kliniki hawaruhusu kandambili.

Ni mimi mama yako