Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Usajili wa Ardhi: Mabomba ya Chini Yaonekane Kwenye Hati

Mheshimiwa Kamishna,

Kwa heshima ninakuandikia kuhusu mabomba makubwa ya maji na ya majitaka yanayopita chini ya viwanja vya watu bila kutajwa popote kwenye hati, na jinsi yanavyovuruga bei ya viwanja hivyo siku ya kuviuza. Sizungumzii bomba dogo linaloleta maji nyumbani kwa mwenye kiwanja, kwa maana hilo huongeza thamani. Nazungumzia bomba kuu linalohudumia mtaa mzima, ambalo mwenye ardhi hatakiwi kujenga juu yake na ambalo mafundi watakuja kulifukua likipasuka, awe amepanda maua hapo au amesakafia.

Kiwanja cha familia yetu hapa Jinja, Uganda, kilipata mnunuzi mwaka jana. Alifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, akaelezwa kuwa hakina rehani wala zuio, yaani tangazo la mtu mwingine anayedai haki juu yake. Mpima wake alipokuja kufungua mipaka, alikuta chini ya nyasi mfuniko wa zege wa chemba ya majitaka, na mazungumzo ya bei yakageuka. Hakuna aliyeweza kumwambia bomba linaelekea wapi, limezikwa kina gani, wala ni ukanda wa upana gani unaopaswa kuachwa wazi. Ofisi tuliyoiuliza ilitutuma kwenye ofisi nyingine. Alishusha bei kwa theluthi, kisha akaacha kabisa, nami simlaumu.

Hasara hutegemea mahali bomba linapopita. Kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mita 15 hivi. Bomba likifuata mpaka, mwenyewe hupoteza kidogo sana, kwa kuwa sehemu hiyo angeiacha wazi hata hivyo. Lakini likipita katikati kwa urefu, na tuseme zinatakiwa mita 3 kila upande, hubaki vipande viwili vyembamba vya mita 4 na nusu, navyo havitoshi nyumba ya maana. Hali hizo mbili zinatofautiana kwa mamilioni ya shilingi, na hati haisemi kiwanja kiko katika hali ipi. Mnunuzi mwangalifu basi hukadiria ile mbaya zaidi, na mthamini anayetumwa na benki naye hana sababu ya kuwa mkarimu kuliko mnunuzi. Ndiyo maana mimi, ingawa ni muuzaji, naomba bomba liandikwe: punguzo la bomba linalojulikana naweza kulibeba, kwa sababu linapimika na linajadilika.

Sheria haiko mbali na ombi hili. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka anayetekeleza kazi za umma kwenye ardhi ya mtu akubaliane kwanza na mwenye ardhi au mkaaji wake, na Katiba, katika ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla mali ya mtu haijatwaliwa. Tatizo ni kwamba makubaliano hayo hubaki kwenye faili la aliyechimba. Wakati huohuo, sheria ya usajili wa hati inasema ardhi iliyosajiliwa hubeba haki za watu wengine zilizopo juu yake, kama vile haki ya kupitisha bomba, hata kama hazikuandikwa kwenye hati. Kwa maneno mengine, mnunuzi anabanwa na jambo ambalo daftari lako halikumwonyesha.

Kwa mabomba mapya, ninaomba uelekeze kwamba nakala ya makubaliano iletwe kwako, iandikwe kwenye ukurasa wa rehani na mazuio, na mstari wa bomba uchorwe kwenye ramani ya kiwanja, kwa gharama ya mwenye bomba. Kwa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, ambazo 296 kati yake ziko Uganda, ukanda wa mita 30 ulipimwa na kuwekewa alama kabla ya kuchimbwa. Sioni kwa nini bomba la maji la mtaani lisipimwe kwa uangalifu wa aina hiyo.

Mabomba ya zamani ni magumu zaidi. Mengine yalizikwa kabla ya Uhuru, na yale ya saruji ya asbesto, kama haya mapya ya plastiki, hayagunduliwi na kifaa cha kutafuta chuma. Hata hivyo chemba na vali zipo, na wahudumu wa mabomba wana michoro yao, hata kama imechakaa. Michoro hiyo iingizwe kwenye mfumo wako wa kompyuta jinsi ilivyo, huku kila mstari usiothibitishwa ukitiwa alama ya kusema hivyo.

Nimesikia pingamizi kwamba ramani hizo zitawafaa wezi wa maji na wa vyuma. Anayefanya upekuzi wa kiwanja kimoja aone bomba la kiwanja hicho tu, na wezi, kwa nilivyoona mimi, hawajawahi kungoja ramani.

Jinja ina ofisi ya kanda ya wizara ya ardhi na ina mabomba ya kila umri, hivyo kazi inaweza kuanzia hapa. Ninaomba jibu la maandishi, litakaloeleza iwapo agizo la mabomba mapya linaweza kutolewa bila kungoja kazi ya yale ya zamani.

Wako mtiifu,
Mwenye kiwanja, Jinja