Tetemeko la 1910 lina masimulizi yake

Ndugu Mhariri,

Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipopita, niliwasikia watu wakiapa kwamba nchi hii haijawahi kuona kitu kama kile. Sisi wa Sumbawanga tulitazamana tu. Desemba 13, 1910, Rukwa ilitikiswa na tetemeko la takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki.

Marehemu bibi yangu hakujua vipimo. Alichosimuliwa na mama yake ni kwamba mitungi ya maji iligongana yenyewe, na mbuzi wakagoma kurudi zizini siku tatu. Nilikuwa nacheka. Nikipita siku hizi kando ya ufa uitwao Kanda, mpasuko wa ardhi wa huku kwetu, ambapo miamba huteleza tetemeko linapotokea, na kuuona ule ukingo wake, sicheki tena.

Wanajiolojia huchimba handaki kukatiza ufa, wakasoma tabaka za udongo zilizokatika na kuachana. Kipande cha mkaa kikipatikana humo, hupimwa umri kwa kaboni, na hata tetemeko lililotangulia maandishi yoyote likakadiriwa ni la lini. Ila handaki haliwezi kusema nyumba za kijiji kipi zilianguka. Hilo hutafutwa kwenye shajara za wamisionari na kwa wazee, ambao hawatungoji.

Naomba gazeti lako litenge kona ndogo ya masimulizi hayo, pamoja na jina la kijiji na mwaka, hata kama mwaka wenyewe ni "ule wa nzige".

Msomaji wako,
Sumbawanga