Barua kwa Neema: kisa kinachofundisha

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Neema,

Salaam nyingi. Umeuliza kwa nini akina mama wapya wa kikundi chenu cha dagaa wanasahau maelekezo hata wakiyaandika. Nadhani mnawapa amri tupu. "Usianike dagaa mchangani" haina mtu wala hasara ndani yake, basi haikai kichwani.

Wape kisa. Mama kanunua ndoo 10 za dagaa wabichi alfajiri. Chanja za kuanikia zimejaa, na mawingu yanakuja kutoka ziwani. Asubiri nafasi, au amwage chini? Anamwaga. Mvua inapiga, dagaa wanalowa, mchanga unawaganda, na kwa kuwa hawakukauka wanaanza kunuka. Mnunuzi anatafuna mmoja, mchanga unalia menoni. Mzigo wa chakula cha watu unaishia kwa bei ya chakula cha kuku.

Ona kilichomo: mtu, anachokitaka, kikwazo, uamuzi, matokeo. Wengi hukimbilia matokeo na kuuruka uamuzi, na hapo ndipo penye somo lote. Ukifika kwenye "amwage chini?", nyamaza, waulize: "Ungekuwa wewe?" Waache wabishane, ndipo uendelee. Dakika 3 zinatosha. Ukianzia kwenye ukoo wa huyo mama, umewapoteza. Na tafadhali, usitumie kisa cha jirani anayejulikana. Hayo yatakuwa masengenyo, na mwenyewe hatarudi kikundini.

Kujieleza kliniki ni habari nyingine. Pale mpangilio wa siku ndio unaosaidia: kilianza nini, lini, kikafuata nini, umemeza dawa gani. Anayesema tu "tumbo linauma" anampa daktari kazi ya kubahatisha. Akieleza kwamba huchota maji na kuogelea ziwani, kisha tumbo likaanza kuuma na choo kikawa na damu, daktari ana sababu ya kupima kichocho mapema. Wafundishe kina mama kueleza hivyo, hasa wanapopeleka watoto.

Kwenye ugomvi wa kikundi, mzungumzaji atenganishe aliyoyaona na aliyoambiwa. Akichanganya, mwulize papo hapo: "Hilo ulikuwepo?"

Kikao kijacho anza na hicho cha dagaa. Kinachofuata, mwombe mmoja wao akisimulie upya kwa maneno yake. Akiuruka uamuzi, mrudishe palepale kabla hajamaliza.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Rehema