Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Laini mbili, mtaro mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni fundi wa mitandao, nahudumia ofisi na mawakala wachache kuanzia Mwaloni hadi mjini. Sikuandikii kulalamika kwamba mtandao ulikatika. Faiba, uzi unaobeba mtandao, ni kioo chembamba kama unywele. Kijiko cha mkandarasi wa barabara kikikosea mita moja, imekwisha. Nakuandikia kuhusu zile saa tisa zilizofuata.

Saa mbili kasoro asubuhi alinipigia mama mmoja wa dagaa. Lori limeshapakiwa, namba ya kulipia ushuru haitoki, dereva amenuna. Nikafika. Rauta inawaka taa zote. Nikaipima kwa pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", ikajibu. Nikapima kituo cha kampuni hapa hapa Mwanza, kikajibu. Nikapima Dar es Salaam, ambako siku zote jibu hurudi kabla hujapepesa jicho: kimya. Basi si rauta, si waya wa mtaani, wala si bili (mama alishaanza kunitazama kama niliyekula hela ya kifurushi). Njia ilikatika huko mbele, nje ya mji.

Nikahamia laini ya akiba, ya kampuni nyingine, ambayo huyu mama huilipia kila mwezi kwa ushauri wangu mwenyewe. Nayo ikafia pale pale. Niliona aibu, Mheshimiwa. Kampuni mbili, ankara mbili, kumbe faiba zao zimelala mtaro mmoja.

Huduma kwa wateja wakasema, "Mafundi wanalifanyia kazi." Saa nne jibu hilo, saa nane hilo hilo. Sasa, kipo kipimo ambacho fundi hukichomeka kwenye ncha ya faiba kikarusha mwanga na kusubiri mwangwi wake. Ndani ya kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda wa mwangwi ndio unaotaja umbali wa palipokatika. Ni kazi ya dakika. Kuchimbua, kuunganisha uzi mmoja mmoja na kufukia ndiko kunakokula siku, na hilo hakuna fundi atakayewalaumu. Lakini pa kuchimba panajulikana mapema sana.

Tungeambiwa mapema kwamba ni hadi jioni, mama angemwambia dereva akalale. Badala yake, kwa kuwa simu zilikuwa zinashika na kuachia, alijaribu kumlipa mwenye lori kwa simu. Meseji haikurudi, akarudia, akarudia tena. Saa kumi na moja mtandao uliporudi, kila kilichokwama kilitaka kupita mlangoni kwa pamoja, na meseji zake tatu zikaingia kwa mpigo. Hela imekwenda mara tatu. Kurudishiwa zile mbili kulimchukua siku kumi na moja, akipanda na kushuka ngazi za ofisi na simu yake mkononi.

Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, nyaya za faiba zinazotuunganisha na dunia, ilipopata hitilafu Mei 12, 2024, Serikali ilitueleza kwamba tatizo liko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tulikasirika, ila tulijua tunasubiri nini. Naomba kampuni zibanwe kufanya hivyo hivyo faiba ya nchi kavu inapokatika: ndani ya saa moja zitaje imekatika wapi, kwa sababu gani na matazamio ya kuirudisha ni lini, na zikikosea makadirio ziseme tena. Na anayeniuzia laini ya akiba alazimike kunionyesha inapita wapi kabla sijalipa. Leo ukiuliza unaambiwa ni siri ya biashara, na mimi nabaki kuuza kwa wateja wangu matumaini yenye ankara.

Mama wa dagaa yuko tayari kununua laini ya tatu. Ameniuliza itapita mtaro upi, na bado sijamjibu.

Fundi wako, Kirumba